Mlango wa Upande wa Makaa

Kila siku saa kumi na moja jioni Tshimanga alipanda juu ya kreti ya bia, akafungua daftari la shule na kusoma majina. Ilikuwa mwezi wa tatu wa mwaka 1993, na katika stesheni ya Likasi, jimbo la Katanga, kulikuwa na maelfu ya watu waliongoja treni ya kwenda Kasai. Treni haikuwa na siku. Kwa hiyo wangojaji walijiundia kamati, na kamati ikatengeneza orodha. Aliyeitwa alijibu "présent", yaani yupo. Aliyeitwa mara mbili bila kujibu alifutwa, na kesho yake alianza upya chini kabisa, nyuma ya familia zilizofika jana.

Watu walijiwekea desturi yao. Mtu akiwa na homa, au yuko chooni, au amekwenda kuzika, jirani alimwitikia. Tshimanga alijua, na hakuinua macho. Wiki aliyougua kuhara yeye mwenyewe, mwenzake aliyesoma badala yake aliita "Tshimanga", na watu watatu wakaitika kwa pamoja.

Émérence alikuwa namba 212, yeye na mama yake Orpha. Alizaliwa Panda, hapohapo Likasi, katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, na alifundisha jiografia kwa miaka kumi na tisa katika shule iliyokuwa mwendo wa dakika kumi kutoka chumba alichozaliwa. Mwezi wa tisa uliopita vijana walikuja na mapanga na petroli. Walisema babu yake alitoka Kasai, basi arudi Kasai. Wawili kati yao aliwafundisha kuchora ramani ya nchi. Mmoja alikuwa akipata alama nzuri.

Sasa nyumba ilikuwa na watu wengine. Émérence na mama yake waliishi juu ya simiti kati ya reli ya pili na ya tatu, chini ya turubai la plastiki, na mali yao ilikuwa godoro, sufuria na sanduku. Orpha alikuwa na miaka sabini na moja, na kifua chake kilipiga filimbi. Muuguzi aliyepita alisema bibi huyu atafika Kasai ikiwa treni itakuja ndani ya mwezi mmoja. Ikichelewa zaidi, hakuahidi. Émérence hakuwa na wazo lingine kichwani: mama apande treni akiwa hai, na namba 212 isifutwe.

Pembeni ya reli ya tatu palikuwa na behewa la mizigo lililong'olewa magurudumu. Wanawake waliogea humo. Lilikuwa na milango miwili. Wa kushoto ulitazama stesheni. Wa kulia ulitazama lundo la makaa ya mawe, isipokuwa kwa aliyeufungua akiwa peke yake na mikono mitupu. Huyo alitokea katika nchi nyingine, barabarani, katikati ya milima. Émérence aligundua hilo siku ya mia moja na sabini ya kungoja. Alikuwa amemaliza kuoga na alitaka kuona kama mvua imekatika.

"Ah, kule," alisema Marceline, jirani yake, mwenye kukaanga mikate. "Kuko baridi. Uvae tricot ya sufu. Bwana yangu alienda mara mbili, akasema hakuna samaki, akaacha."

"Na watu wa kule?"

"Beko bazuri. Banakupatia chai ya chumvi. Miye nisingeikunywa hata bangenifunga kamba."

Émérence alijaribu kwanza kumpitisha mama yake. Alimbeba mgongoni, akafungua mlango: makaa. Alijaribu na sanduku begani: makaa. Peke yake: milima. Alirudia mara nne, kama mtu anayejaribu ufunguo katika kitasa, kisha akaacha.

Kurudi hakukuwa na taabu. Mlango wowote wa nchi ile, mradi uwe wa nyumba inayokaliwa na watu na anayeupita aufungue mwenyewe kwa nia ya kwenda Likasi, ulimtoa behewani, na kesho yake alitokea palepale alipoachia. Kwa hiyo aliondoka kila asubuhi baada ya kumnywesha mama uji, akasafiri mchana kutwa, na saa kumi na nusu akabisha hodi kwenye nyumba ya kwanza aliyoiona. Wenyeji walimruhusu, akawashukuru, akafungua mlango wao mwenyewe, akapita.

Hakwenda kutalii. Alikwenda kutafuta chakula, na safari ikajifanya yenyewe. Nchi ile haikuwa na wageni. Katika siku kumi na moja hakukutana na mgeni hata mmoja, na jina la nchi aliandikiwa kwenye karatasi, kwa herufi ambazo hakuna mtu wa Likasi aliyeweza kuzisoma, ingawa aliyepita mlango ule alielewa usemi wa upande wa pili. Alitembea kwa miguu, alipanda malori ya mbao, alivuka madaraja ya minyororo. Aliona pilipili nyekundu zimeanikwa juu ya mapaa hadi kijiji kizima kikaonekana kama kinavuja damu. Alikula wali mwekundu, na jibini ngumu kama jiwe iliyotungwa kwenye uzi. Jibini hiyo alirudi nayo shingoni, na Orpha aliimumunya siku nzima kwa sababu hakuwa na meno ya kuitafuna.

Katika mabonde palikuwa na nyumba za watawa wa Buddha, wanaume wenye vichwa vilivyonyolewa na mashuka mekundu. Penye mto waliweka mapipa yaliyojaa maandishi ya sala, na maji yakayazungusha mchana na usiku. Émérence aliona ni mpango mzuri. Stesheni kulikuwa na vikundi vinne vya maombi, na wote walikuwa wamekauka koo.

Mtawa mmoja mzee alimkaribisha jikoni. Émérence alikuwa na kitambulisho chake tayari mkononi, kwa sababu tangu mwezi wa tisa kila mtu alianza na hicho. Mtawa alikitazama, akakiweka juu ya rafu karibu na chumvi.

"Umekula?" aliuliza.

Alisema hajala. Ilikuwa kweli. Mtawa alimpa viazi, na hakuuliza babu yake alitoka wapi, wala siku hiyo wala alipopita tena kuchukua kitambulisho.

Orpha alitaka habari zote. Alilala kwenye godoro, akavuta pumzi, akauliza.

"Banaomba nani kule?"

"Buddha, mama."

"Eko na mikono ngapi?"

"Sanamu moja nilihesabu mikono kumi na moja. Ingine ilikuwa ndani ya moshi."

Orpha alifikiri. "Na mu ile yote hakuna hata moja yenye inaweza kufika ku Likasi?"

"Sikuiona, mama."

"Bon. Unipatie ile jiwe ya maziwa."

Siku ya kumi na moja ya safari yake Émérence alifika kusini, mahali pa joto. Milima ilikuwa imekwisha. Palikuwa na mashamba ya iliki na michungwa yenye machungwa ambayo hakuna aliyeyachuma. Alifika kwenye uwanja wa shule na kukuta watu mia kadhaa wamekaa juu ya mizigo yao: magodoro, masufuria, cherehani moja, mbuzi aliyefungwa miguu. Hakuhitaji kuelezwa. Alijua jinsi ya kukaa pale, akakaa.

Saa tisa karani alitoka na daftari. Alisoma majina. Aliyeitwa alisimama, akatia kidole gumba kwenye karatasi, na askari mwenye kamera akamwambia atabasamu. Émérence alisikiliza kwa makini, kama alivyosikiliza kila siku kwa miezi.

"Devimaya," karani akasoma.

Hakuna aliyesimama.

"Devimaya!" Mara ya pili. Karani akashika kalamu.

Émérence hakufikiri. Mwenye jina huenda alikuwa na homa, au chooni, au makaburini, na jirani zake walikuwa wamelala.

"Présente!" akasema.

Karani aliweka alama ya vema bila kungoja kidole. Mwanamke aliyekaa karibu alimfinya mkono hadi alama za vidole zikabaki.

"Umefanya nini? Devimaya amekataa kuja. Amejifungia nyumbani kwake. Hii ni orodha ya waliokubali kuondoka kwa hiari yao!"

"Nani amekubali?"

"Hakuna. Babu zetu walitoka ng'ambo, wanasema turudi ng'ambo. Mimi nimezaliwa pale." Alionyesha mti.

Émérence alikwenda kwa karani akamweleza kosa. Karani alimsikiliza kwa adabu.

"Aliyeitikiwa ameitikiwa," alisema. "Nikifuta, nitaulizwa kwa nini nimefuta. Nyumba yake sasa ni tupu kwa mujibu wa karatasi. Watu wa kuikagua wamekwisha ondoka kwenda huko." Alimwonyesha njia, kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

Émérence alikata mashambani ili awatangulie. Jua lilimwambia imebaki saa moja na nusu kabla ya Tshimanga kupanda kreti. Njiani alipita nyumba ishirini, na hakuna iliyokuwa na mlango. Milango ilikuwa imeng'olewa kwanza, wenye nyumba wasije wakarudi. Alielewa maana ya hilo kwake mwenyewe, akaongeza mwendo.

Nyumba ya Devimaya ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa na ng'ombe, michungwa sita na mlango wa buluu. Alipobisha, alifunguliwa na mwanamke wa umri wake, ameshika mwiko.

"Wewe ni Devimaya?"

"Nani anauliza?"

"Mimi ni mwalimu. Nimekuitikia kwenye orodha. Kwetu tunafanya hivyo."

Devimaya alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Kwenu orodha ni ya nini?"

"Ya kupanda treni."

"Kwenda wapi?"

"Walikotoka babu zetu."

"Basi ni ileile," alisema Devimaya.

Lori lilisikika chini ya bonde. Nyuma ya mlango wa buluu, kutoka upande wa jikoni, filimbi ya treni ilipiga mara mbili ndefu. Émérence aliitambua. Alikuwa ameingoja miezi sita.

Mlango ulipitisha mtu mmoja mmoja. Wa pili alipaswa kusubiri ufungwe, kisha aufungue mwenyewe. Émérence alipiga hesabu ya haraka. Wakimkuta Devimaya, wangempandisha lori, na kosa lilikuwa lake yeye Émérence. Lori bado lilikuwa kwenye kona. Aliona muda unatosha wote wawili.

"Weka mwiko chini, upite mikono mitupu," alisema. "Utatokea ndani ya behewa. Wakiita Émérence kabla sijafika, itika. Mama yangu yuko kati ya reli ya pili na ya tatu, ana shali ya kijani. Usimlaze chali, hatapumua."

"Émérence," alirudia Devimaya, akijaribu jina. Aliweka mwiko juu ya meza, akatoka uani, akafunga mlango, akaufungua tena, akapita, akaufunga.

Émérence alinyoosha mkono. Lori halikuwa kwenye kona. Lilikuwa uani. Askari wawili walimsogeza pembeni bila ukali, wakagonga bawaba kwa nyundo, na mlango ukatoka. Nyuma yake palikuwa na jiko, sufuria na ungo.

"Wewe ndiye Devimaya?" aliuliza mmoja.

Akisema siye, wangeendelea kumtafuta mwenyewe.

"Présente," alisema Émérence. Wakamsaidia kupanda lori.

Likasi, treni ilikuwa imeingia na mabehewa ishirini ya wazi, na kamati ilipandisha watu kwa orodha. "Émérence, mbili-kumi na mbili!" Tshimanga aliita. Marceline alikwisha vuta pumzi ya kumwitikia mwenzake wakati mwanamke asiyejulikana alipotoka kwenye behewa la kuogea, viatu vimejaa udongo mwekundu wa namna nyingine.

"Présente," alisema, kwa lafudhi yake.

Tshimanga hakuinua macho.

Devimaya alimkuta mama mwenye shali ya kijani. Alimnyanyua, akamkalisha, akampandisha behewani, akampapasa mgongo. Treni ilikuwa imekwisha pita stesheni ya Kamatanda Orpha aliposema neno.

"Weye si mutoto yangu."

"Siye."

"Eko wapi?"

"Ameniitikia mimi."

Orpha alifunga macho. Alifundisha watoto wake mwenyewe kuitikia majirani. "Mikono yako iko moto," alisema baadaye. "Endelea pale chini."

Walisafiri siku kumi na mbili. Orpha alifika Mwene-Ditu, Kasai, akiwa hai, akaishi wiki tatu. Devimaya alimwosha na kumzika. Karani wa huko alimwandika Émérence, mtu mmoja, na watu wa mji wakamwambia yeye ni wa Katanga, inasikika katika usemi wake.

Behewa la Likasi lilikatwa mwaka uliofuata likauzwa chuma chakavu. Mlango wa buluu ulipachikwa kwenye kantini ya askari, na kila ulipofunguliwa ulionyesha kantini.

Ng'ambo ya mpaka, kwenye kambi ya vibanda vya mianzi kando ya mto, Émérence alipewa mkeka na sahani. Aliulizwa alikozaliwa, akasema Likasi, Panda. Mwandishi alitafuta neno hilo kwenye karatasi yake ya wilaya, hakuliona, akaandika "kusini". Kila jioni walisomewa orodha ya mchele. Alikuwa na jirani mwenye homa, na mwingine aliyekwenda kuzika, na aliwaitikia wote wawili. Kisha karani aliita Devimaya, naye akaitika.

Hakuna jina lililokosa wa kuliitikia.