Kidole cha Niragira

Upinde wa mvua ulipotokeza magharibi asubuhi ile, mvua ilikatika, na maharage ya Deodata ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Kisha akamwona Niragira, mkimbizi wa kambi ya Benaco ambaye yeye Deodata alimpa kibanda wiki iliyopita, ameunyooshea kidole, mtoto mgongoni. Kijijini hapo husemwa kidole huifukuza mvua; upinde huonyeshwa kwa ngumi au kidevu.

“Unaifukuza mvua yetu? Kama ndivyo, funga mzigo.”

“Hapana, mama. Namwonyesha mtoto mlima wa kwetu, ule ulio chini ya upinde. Baba yake alibaki pale.”

“Kwenu hawakatazi kidole?”

“Wanakataza. Nilisahau.”

Deodata aliutazama mlima. Hakuamini yote, lakini mtoto naye alikuwa ameukazia macho.

“Kaa,” alisema. “Ila kesho mwonyeshe kwa kidevu.”