Leleshwa ya Baba Jordan

Mume wangu Patroba amekulia Buruburu, Nairobi, ambako pori kubwa alilowahi kuliona ni ua wa jirani. Jumamosi iliyopita aliwaongoza waumini wa kanisa letu la hapa Dallas kutembelea korongo moja kusini ya mji. Jumapili tungemchagua mzee wa kanisa, naye aliutaka uzee huo mpaka akakosa usingizi.

Alijua kila kitu. Kombe za baharini zilizoganda ndani ya mwamba wa chokaa zililetwa na gharika ya Nuhu. Armadilo, kakakuona wa huku, alipokatiza njia, tukaambiwa ni kobe wa Texas. Watu wakaitikia amina.

Kisha akafika kwenye kichaka chenye majani ya kijivu yanayonukia.

"My people, hii ni leleshwa! Wamaasai hujipaka kwapani. Deodorant ya Mungu!"

Mimi ni Mkalenjin wa Baringo. Leleshwa nimeikata, nimeichoma, nimeilalia. Ile haikuwa leleshwa, na mmea uliojisokota ndani yake, wenye majani matatu matatu, kila kiangazi naona kazi yake kwenye ngozi za wagonjwa wangu: mwasho na malengelenge.

"Baba Jordan, usiguse hiyo. Itaku-burn."

"Chepngetich, wewe ni nesi wa hospitali, si wa msitu," akanijibu mbele ya watu, nao wakacheka. Akachuma konzi nzima, kijivu na kijani pamoja, akajisugua makwapa yote mawili. Kicheko chao kiliniuma, sitaficha. Nikajiambia, sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili asubuhi makwapa yalikuwa yamevimba, yanatoa maji. Nilipompaka dawa akasema ni joto tu la Texas. Kanisani alipita mbele mikono ikiwa mbali na mwili kama kuku aliyenyeshewa. Pasta akamwomba kila mgombea ainue mikono awabariki watu. Patroba akainua. Mikono ilipofika usawa wa masikio akapiga ukelele, "Yesuuu!", akaanguka magotini, machozi yakimtiririka.

Kanisa zima likasimama. Roho ameshuka! Hakuna aliyemkumbuka tena Mutuku, mgombea mwenzake.

"Wanaomtaka Mzee Patroba, inueni mikono!" pasta akasema.

Mikono yote ikapaa, isipokuwa yake, ambayo haikuweza, na wangu, ambao hauna hata kipele kimoja.