Majina Nyuma ya Kitabu

“Hamsini na nane,” alisoma Makoye, kidole kikitambaa juu ya karatasi. “Hamsini na nane. Hamsini na nane tena. Zote za Theonest. Sasa jumlisha, bosi.”

Magesa, mwenye duara la kuchimbia dhahabu, hakujumlisha. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, hatua chache kutoka mdomo wa shimo lake, akimtazama Zipora, aliyesimama mbele yake na nyundo ya kupondea mawe mkononi. Hakuna aliyemwambia aiweke chini, naye hakukumbuka kwamba anayo.

“Mia moja sabini na nne,” Makoye alijijibu mwenyewe baada ya kubonyeza simu. “Na hapa chini, bosi, tazama: Zipora, mia moja sabini na nne. Kijana anatoa mawe shimoni, huyu anapokea. Kiroba kimoja kilo hamsini na nane. Viroba vitatu hivyo. Sisi tumepotelewa na viroba vingapi?”

Vilikuwa vitatu. Mwakitolyo nzima ilijua, maana kwa wiki mbili hakukuwa na habari nyingine: viroba vitatu vya mawe mazuri vimetoka kwenye duara la Magesa na havikufika kwenye karasha kusagwa. Hesabu ya Makoye ilikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Zipora. Angekosea hata kidogo, pangekuwa na pa kushika.

“Ni kurasa,” alisema.

“Kurasa za nini?”

“Za kitabu hicho hicho. Kila msomaji anaandika alipofika.”

Makoye alicheka. Alikuwa mlinzi mwenye bidii kupita kiasi, wa aina ile inayopekua hata sufuria ya wali, na asubuhi hiyo alikuwa amepekua ndoo za akina mama wote wanaoponda mawe. Kwenye ya Zipora, chini ya kanga, alikuta kitabu kisicho na jalada. Angekitupa. Bahati mbaya alikigeuza nyuma kwanza.

Kitabu chenyewe Zipora alikipata gulioni Kagongwa, siku aliyokwenda kumwona binti yake Juliana, anayesoma huko akiishi kwa bibi yake. Kilikuwa katikati ya lundo la mitumba, kimekosa jalada na kurasa nne za mwanzo, na mwuza nguo alimpa bure juu ya sweta aliyonunua. Kilisimulia habari za Vumilia, mwanamke mwenye nyumba ya kulala wageni karibu na stesheni, na begi ambalo msafiri mmoja aliliacha chini ya kitanda asirudi tena. Vumilia alilitunza begi lile mwaka baada ya mwaka bila kulifungua. Kwa kuwa hakuna aliyejua jina la kitabu, wasomaji wake walikiita Begi.

Wasomaji walikuwa watatu: Zipora mwenyewe, Mwasiti mama lishe, na Theonest, kijana anayechimba chini. Kitabu kilikuwa kimoja, kwa hiyo kilizunguka, kila mtu siku mbili. Kukunja pembe ya ukurasa kulikatazwa, maana karatasi zilishaanza kukatika. Badala yake kila mmoja aliandika jina na namba nyuma ya karatasi ya mwisho, upande uliokuwa mtupu.

“Mwaka jana,” Magesa alisema taratibu, “yule aliyekutwa na mawe ya watu aliondokaje hapa?”

“Alibebwa,” alisema Zipora.

“Sikutaka abebwe. Watu walikuwa na hasira, nikachelewa.” Akanyoosha mkono, Makoye akampa kitabu. “Leo sitaki kuchelewa, ila siwezi kuwazuia watu kwa maneno matupu. Kama ni kurasa, mtanionyesha. Mmoja mmoja. Ukurasa wa mia sabini na nne una nini?”

Zipora alijua. Alikuwa ameusoma jana mchana, karasha ilipozimwa ipoe. Husoma kurasa mbili tu kwa siku, hata hadithi ikimvuta vipi, kwa sababu kitabu kikiisha hana kingine.

“Vumilia anapaka chokaa chumba namba tatu. Amelitoa begi uani, mvua inakuja. Anamwacha fundi na brashi, anakimbilia begi.”

Magesa alisoma, midomo ikicheza kidogo. Akafunga. “Kitabu chako. Utakosaje kukijua? Simama pale pembeni, mama Juliana. Ukifungua mdomo, nimemaliza na wewe.”

Mwasiti aliletwa wa pili, bado ameshika mwiko. Alikuwa mjane, mtu wa maneno mengi kwenye sufuria na machache mbele ya wakubwa.

“Shikamoo, bosi.”

“Marahaba. Wewe hapa una thelathini na moja. Ni nini?”

“Ukurasa. Nimefika huko.”

“Kuna nini huko?”

Mwasiti alifikiri, na Zipora alimwona akipotea. “Kuna… nadhani mgeni ndiyo anafika. Au keshaondoka.”

“Unadhani.”

“Nimesoma nikiwa najua mwisho, kwa hiyo huko mwanzo napita haraka.”

Zipora alifumba macho. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Mwasiti alikuwa na tabia yake, na mara ngapi wamemtania kwa hiyo, kwamba anakula ukoko kabla ya wali.

“Uko thelathini na moja,” alisema Magesa, “na mwisho unaujua?”

“Naanzia mwisho, bosi. Siku zote. Nikishajua nani anabaki hai, ndiyo narudi mwanzo. Mume wangu alitoka asubuhi akiniambia nimwekee dagaa.” Aligeuza mwiko mkononi. “Nimeshtushwa vya kutosha. Sitaki kushtushwa na kitabu pia.”

Makoye aliguna. “Anajitungia huyu.”

“Basi begi lina nini?” Magesa aliuliza. “Kama mwisho unaujua.”

Mwasiti alimtazama Zipora, kisha akatazama chini. “Siwezi kusema.”

“Huwezi?”

“Zipora hajafika. Bado kurasa tano. Tulikubaliana hakuna kumwambia mtu cha mbele.”

Makoye alicheka tena, safari hii kwa nguvu. Magesa hakucheka. Mishipa ya shingo ilimsimama, na Zipora aliona mkono wake ukifinya kitabu mpaka kurasa zikapinda. Alitamani kumpigia Mwasiti kelele kwamba aseme, aseme tu, begi ni nini mbele ya mifupa ya watu? Lakini alikuwa amekatazwa kufungua mdomo.

“Nitakunong’oneza,” alisema Mwasiti.

Alisogea, akainama na mwiko wake, akasema kitu sikioni mwa Magesa. Hakikuwa kirefu. Magesa akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuhakikisha jambo dogo kama hilo. Aliponyanyua uso hakumwangalia mtu.

“Mlete kijana,” alisema.

Theonest alitoka shimoni akiwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Alikuwa mtu wa Ushirombo, mpole, ameishia darasa la nne, na Zipora alipomwona akija alitazama pembeni kwa sababu ambayo hakupenda kuikiri hata moyoni. Hata yeye alikuwa na shaka naye. Mara tatu Theonest amekichukua kitabu, mara tatu amekirudisha na namba ile ile. Alipomwuliza, alicheka tu. Mtu hasomi kitabu siku sita akabaki pale pale. Sasa kama hasomi, anakichukulia nini?

“Hamsini na nane,” Magesa alisema. “Mara tatu. Kuna nini hapo?”

Theonest alitazama kitabu, akatazama watu.

“Bosi, si unaona,” alisema Makoye.

Wachimbaji wengine walikuwa wameanza kusogea, wawili, watano, mikono nyuma. Mmoja alikuwa na nondo. Karasha ilikuwa imezimwa, na kwenye ule ukimya Zipora alisikia jiwe likidondoka ndani ya shimo na kugonga ukuta mara mbili kabla ya kufika. Akamwomba Mungu kijana aseme chochote.

Theonest aliinamisha kichwa na kuanza kusema, kwa sauti ya mtoto anayesomea darasa.

“‘Vumilia akasonga ugali, akaupindua kwenye sinia, akatoka mlangoni. Akawaita wanawe wote wanne, kuanzia mkubwa. Wa nne alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, lakini mdomo ulishazoea, nao ukamwita. Watoto watatu walikuja wakanawa. Hakuna aliyemsahihisha mama yao. Wakaacha…’ hapana. ‘Wakasogea, wakaacha nafasi.’”

Kidole cha Magesa kilikuwa kimetembea mstari kwa mstari. Kilisimama pale kijana alipokosea, kikaendelea aliposahihisha.

“Mbele yake?”

“Sijui. Sijafika mbele.” Theonest alijifuta uso, akabakiza michirizi. “Mdogo wangu alifukiwa na kifusi upande wa Geita mwaka juzi. Mama mpaka leo anamwita kula. Sisi tulikuwa tunamgombeza, tukidhani amechanganyikiwa. Kumbe wapo wengine wa hivyo, na mtu akawaandika. Nikipewa kitabu nafungua hapo. Kuvuka sijaweza.”

Mwenye nondo aliishusha. Zipora aliona aibu, aibu hasa, na hakuwa na pa kuiweka.

Magesa alikigeuza kitabu nyuma. Kisha akashika karatasi ya mwisho, ile yenye majina, akaichana. Ilitoka kwa sauti ndogo tu. Akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati.

“Rudini kazini. Haya majina nakaa nayo. Kiroba kingine kikipotea, naanza na hawa.”

Zipora alifungua mdomo. Upande wa pili wa ile karatasi ulikuwa ndio ukurasa wa mwisho, na hadithi yake ilikuwa imeondoka na majina. Magesa akamtazama. Akaufunga mdomo, akachukua kitabu, akaondoka na nyundo yake.

Siku iliyofuata alisoma kurasa mbili. Iliyofuata hiyo, mbili nyingine. Alifika mwisho wa ukurasa wa mia sabini na nane, pale ambapo Vumilia amepiga magoti, ameshika kufuli la begi kwa mkono mmoja na nyundo kwa mwingine, na sentensi ikakatika.

“Nikuambie?” Mwasiti aliuliza, akimpakulia wali.

“Hapana.”

“Utakaa hivyo hivyo?”

“Nataka kusoma. Kuambiwa ni kitu kingine.”

Hakupata usingizi mzuri siku hizo, wala hamu ya kula. Kila Makoye alipopita, akina mama walishika ndoo zao, na wengine walikuwa wameanza kukaa mbali na Zipora. Siku ya nne Makoye alikuja moja kwa moja mpaka lilipo lundo lake la mawe.

“Mayu, unaitwa,” alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Zipora alifunga kanga vizuri. Aliacha ndoo, aliacha nyundo, akachukua kitabu peke yake, kwa kuwa kama anafukuzwa hakutaka kurudi kukifuata. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Juliana.

Magesa alikuwa peke yake chini ya turubai. “Yule mwendesha karasha aliyetoroka ameonekana Katoro,” alisema bila kumtazama. “Mawe yalikuwa yanaishia kwake. Makoye alikuwa anakula naye kila siku, hakuona kitu.”

Zipora alisubiri neno la pole. Halikuja, na pengine hakuwa nalo. Badala yake aliona kwamba Magesa ameshika ile karatasi. Mikunjo yake ilikuwa imechakaa kwa kufunguliwa mara nyingi, na upande uliokuwa juu haukuwa wa majina.

“Huyu Vumilia,” alisema Magesa, “hapa anapolifungua begi anakuta…”

“Usiseme,” Zipora alisema, na mikono ilikuwa imeshafika masikioni, kitabu kikiwa kimebanwa kwapani. Hakuwahi kumkatisha mwenye duara. Hakuna aliyewahi.

Magesa alingoja mpaka mikono ishuke.

“Sawa. Lakini analia, na mimi sijui analilia nini. Nimesoma mara nyingi, sielewi. Huyo mgeni alikuwa nani wake?”

“Imeandikwa huku mwanzo.”

“Najua imeandikwa.” Akakohoa. “Nipe nisome.”

“Utakirudisha lini?”

“Nasoma polepole.”

Zipora alisogea hatua mbili, akatoa kitabu kwapani na kukinyoosha. Magesa alinyoosha karatasi. Yeye alishika karatasi, Magesa akashika kitabu, na kwa muda mrefu kidogo hakuna aliyeachia.

“Pembe hazikunjwi,” alisema Zipora.