Mita Kumi Ukutani kwa Joy

Joy alikuwa akiipangusa balbu vumbi kwa pindo la leso ilipowaka mkononi mwake. Stima ilikuwa imepotea mtaa wote wa Chechelesi tangu asubuhi, na mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Alimaliza kupangusa, kwa sababu upande mmoja bado ulikuwa na kinyesi cha nzi, kisha akaiweka juu ya kabati. Ikazima. Alipoishika tena, ikawaka.

Jirani yake Wakonyo, aliyekuja kuomba chumvi, aliitazama balbu, akalitazama tumbo.

"Mwanga wake ni mweupe ama wa manjano?"

"Mweupe."

"Afadhali. Wa manjano huniumiza macho." Kisha akatoa simu yake na chaja. Joy alishika ncha ya chaja, na chaji ikaingia.

Chanzo kilikuwa ukutani. Mzee Githae, mwenye ploti, alikuwa amepigilia mita za stima za wapangaji wote kumi upande wa nje wa ukuta mmoja ili fundi asisumbuke kuzunguka. Ukuta huo ulikuwa wa chumba cha Joy, pale pale alipoweka kichwa akilala. Kitanda hakikugeuka. Ukikigeuza, mlango haufunguki.

Kliniki, muuguzi alimwambia alichojua. Nguvu inayotoka kwenye mita za nyumbani ni ndogo, na utafiti haujaonyesha kwamba inadhuru mimba. Lakini kama zinamnyima usingizi, asogeze kitanda. Joy alimweleza kuhusu mlango. Muuguzi akasema milango si kazi ya kliniki. Taa ya chumba ilikuwa imeungua, kwa hiyo akamwomba ashike balbu kidogo amalize kuandika.

Joy alimwendea Githae dukani kwake.

"Mzee, nataka hizo mita zihamie ukuta wa geti kabla nijifungue. Sijui kama zina madhara. Wewe pia hujui. Lakini wewe hulali hapo."

"Mama, tangu nijenge hiyo ploti, hakuna mtoto hata mmoja wa tumboni amekuja kulalamika kwangu."

Siku iliyofuata Joy alirudi na wapangaji wote, Wakonyo akiwa mbele. Walisimama mlangoni mwa duka bila kununua chochote na bila kumpisha mtu, mpaka wateja wakahamia duka la pili. Githae akasema fundi atakuja Jumamosi.

Alhamisi, mama mkwe wa Joy, Akiru, alifika kutoka Ngaremara na mbuzi. Ekitela, mumewe Joy, alimchinja mbuzi huyo. Kwao, mtu anayebarikiwa hupakwa majani yaliyotoka tumboni mwa mbuzi, yakiwa bado na joto. Akiru alimpaka Joy kifua na tumbo. Majani yalibaki mengi, na yeye hakulelewa kutupa baraka, basi akatoka nje akazipaka mita.

"Mama, na hizo je?" Ekitela aliuliza.

"Si ndizo zinalala na mjukuu wangu? Zipate adabu."

Kufikia Ijumaa, mita zilikuwa zinahesabu kinyume. Kadiri mtu alivyotumia stima, ndivyo ilivyomwongezekea. Wakonyo alipiga pasi shuka, mapazia, mwishowe soksi. Lotukoi wa chumba cha mwisho, aliyeishi kwa mkate na soda, alileta jiko la stima na kuanza kuchemsha maharagwe ambayo hakukusudia kula.

Jumamosi fundi alifika na ngazi. Wakonyo alimkuta getini, akamwambia kazi imeisha. Joy aliyaona hayo akiwa mlangoni.

"Wakonyo, si ulisimama na mimi kwa duka?"

"Nilisimama, na miguu ikauma. Sasa Joy, tukizihamisha zikakataa kuhesabu hivi, tutafanya nini? Huyo mtoto ameshazoea."

"Mimi ndiye ninalala hapo."

"Najua, dada. Ndiyo maana nitakupigia nguo zake pasi bure."

Ekitela alienda kutafuta nyumba mtaa wa Wabera. Wenye ploti wa huko walikuwa wameshasikia, na kila mmoja alimwonyesha chumba chenye ukuta mzuri wa kupigilia mita.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mzito mwenye sauti, na mwanga wa kutosha kusomea gazeti. Muuguzi aliandika kwamba ni wa kawaida. Nyumbani walimfunika kwa blanketi mbili, si kwa sababu ya baridi, bali ili wengine walale.

Githae alikuja kumwona akiwa na sukari kwapani, na mkononi mita aliyoing'oa kwenye nyumba yake mwenyewe, ng'ambo ya barabara.

"Hongera, mama. Kweli ni msichana mwangavu. Nimeleta na hii ikae na wenzake."

Alizunguka nyuma akaanza kupigilia. Kila nyundo ilipogonga, mtoto alififia kidogo, kisha akawaka tena. Joy alifungua dirisha.

"Mzee, gonga polepole. Mtoto amelala."

"Sawa, mama," alisema Githae, na akagonga polepole mpaka mita ikashika.