Macho ya Mlango wa Fundi

Siku ile mjinga alikuwa fundi mwenyewe, wala hakuhitaji shahidi. Mtu aliyefunga milango ya gereji kwenye nyumba za watu kwa miaka thelathini na moja, kisha akaukosea wa kwake, hatafutiwi jina jingine. Mganga hajigangi, wanasema. Lakini mganga huyu hata dawa alikuwa ameificha.

Milango hiyo ya umeme ina vifaa viwili vidogo, kimoja kila upande, kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni. Kimoja kinatuma mwanga, kingine kinaupokea. Mtoto akikatiza, au paka, mwanga unakatika na mlango unageuka kurudi juu. Mafundi huviita macho. Sasa, macho ya mlango wake yalikuwa yakisumbuliwa na jua la alasiri. Likiyapiga tu, mlango unagoma kushuka. Angeweza kuyakinga kwa kipande cha bati, kazi ya robo saa. Ila kazi ya nyumbani ni kazi ya kesho. Akayang'oa, akayafunga kwa utepe juu darini, kando ya mota, yakitazamana yenyewe kwa yenyewe kama wachumba. Mlango ukawa mtiifu ajabu. Haukuona kitu, haukuuliza kitu. Mteja ambaye angekutwa na ujanja kama huo, fundi angemsuta mpaka asahau kumkaribisha chai.

Binti yake wa pekee alikuwa nesi. Kila Jumamosi, akienda zamu, alimwacha mwanawe wa kike wa miaka minne kwa babu, na jioni akampitia. Babu alimwita Bosi, maana alizaliwa anaamuru. Tangu bibi afariki, nyumba ile ilikuwa ikiishi siku moja tu kwa wiki. Siku sita zilizobaki ilikuwa ikijizoeza kungoja. Na kilele cha Jumamosi kilikuwa rimoti. Babu anampa, Bosi anabonyeza kwa vidole gumba viwili, mlango unashuka taratibu, giza linajaa gerejini, naye anatangaza, "Nyumba imesinzia!" Babu anakoroma kwa nguvu. Bosi anacheka mpaka anakaa chini.

Jumamosi hiyo nesi alikuwa amefika kumchukua, mkoba begani. Bosi akaomba abonyeze mara ya mwisho. Akabonyeza. Mlango ulipofika nusu, paka akachomoka kwenda nje, na Bosi huyo nyuma yake, ameinama kama anayeingia hemani. Babu alikuwa akicheka. Alikuwa bado anacheka wakati binti yake alipomdaka mtoto kwa mkanda wa gauni na kumrudisha ndani. Kandambili moja ikabaki. Mlango ukaikalia, ukaikata vipande viwili.

"Haya," babu akasema, mdomo ukitangulia akili kama kawaida yake, "mlango umekula kiatu, leo haulali njaa."

Nesi aliinua macho darini, akauona ule utepe.

"Baba, hivyo ni vitu gani vimekumbatiana huko juu?"

Alimwambia. Angedanganya vipi? Ndiye aliyemfundisha kutambua macho ya mlango, akiwa na umri wa huyo huyo Bosi.

"Mimi vidole vya watoto navifunga bandeji kila wiki," alisema binti yake, polepole. "Nikidhani hapa ndipo salama." Akambeba mtoto, mguu mmoja mtupu, akaondoka.

Fundi aliyarudisha macho mahali pake kabla jua halijazama. Akayakinga kwa bati. Akapunguza nguvu ya mota, ili mlango ukigusa kitu urudi juu. Akaipandisha swichi ya mlango iliyo ukutani hadi mahali mtoto asipoweza kuifikia hata kwa kiti. Akapiga simu kueleza. "Nimesikia, Baba," alijibiwa. Basi.

Jumamosi zikapita, moja, tatu, saba. Alikuwa bado anaamka mapema na kufagia gereji, kama anayengoja mkaguzi. Alikuwa bado anakata mkate vipande vya pembetatu, kisha anavila mwenyewe. Paka alikwenda kulala kwenye kigoda cha Bosi. Babu akamfukuza, halafu akamwonea huruma, akamrudisha. Jirani alimtania, "Fundi, siku hizi kwako kimya, umefunga mlango au mdomo?" Naye, bingwa wa kujibu, akachukua fagio akaingia ndani. Jioni moja alibonyeza rimoti peke yake, giza likajaa, akajaribu kukoroma. Sauti ilimtoka ya mzee mgonjwa. Akaufungua mlango haraka.

Siku moja simu ililia, na aliyekuwa upande wa pili hakusalimia.

"Babu, nyumba imesinzia?"

"Bado, Bosi wangu. Haipati usingizi."

Kisha ikasikika sauti ya mama, na simu ikakatika.

Jumamosi ya kumi na moja gari likasimama nje. Bosi alikuwa kiti cha nyuma, amebandika pua kwenye kioo mpaka ikawa bapa. Babu akataka kukimbia; binti yake akamzuia kwa kiganja. "Kwanza mlango."

Fundi akauonyesha. Alipitisha fagio mbele ya macho: mlango ukageuka. Akalaza kipande cha mbao chini: ukakigusa, ukarudi juu. Nesi akayarudia yote kwa mkono wake, mara mbili. Kisha akanyoosha kiganja.

"Na rimoti. Mtoto akiwa hapa, inakaa kwangu. Mlango unabaki umefungwa mpaka nirudi."

"Rimoti yangu? Nyumbani kwangu?" Fundi alihisi masikio yakipata moto. "Umeujaribu mwenyewe, umeona!"

"Mlango nimeuona. Bado wewe. Ukimwona ananuna, utampa abonyeze."

Kule garini Bosi alikuwa akipunga mikono yote miwili. Fundi akaishika rimoti kwa nguvu zaidi.

"Mwanangu, unanivua nguo. Miaka thelathini na moja! Nyumba ngapi, watoto wangapi! Sijawahi kumuumiza mtoto wa mtu hata mmoja!"

"Kwa sababu mama zao unawaogopa, Baba. Anza kuniogopa na mimi."