Bafu la Masta

Jumamosi ile wanaume watatu wazima waliingia kwangu asubuhi na mapema, na nyundo, mfuko wa saruji na kelele zao, kuja kunivunjia bafu. Sikuwazuia. Siku hizo hata angekuja mtu kung'oa paa la nyumba, ningemwuliza tu kama anahitaji ngazi.

Wa kwanza ni Bomba, ambaye ni fundi bomba kweli, mwili mkubwa na sauti ya kumwitia mtu aliye mtaa wa pili. Wa pili ni Kinyozi, aliyefunga saluni yake siku nzima kwa ajili hiyo, na domo lake halijui likizo. Wa tatu ni Mwalimu, mstaafu, ambaye hawezi kupigilia msumari bila kwanza kuueleza. Wote wananiita Shemeji. Ni marafiki wa mume wangu, na yeye wanamwita Masta, yaani stesheni masta, ingawa maisha yake yote alikuwa fundi redio. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyewahi kufanya kazi reli.

Ugonjwa wao ni ishara za reli. Zamani, reli ilipong'oa vifaa vyake vya kale, wao walikuwa wakivifuata kwa wauza vyuma chakavu kama watu wanaofuata ndugu waliopotea. Ndiyo maana uani kwangu, katikati ya kamba za kuanikia nguo, umesimama mlingoti wenye mkono mwekundu wa kusimamisha treni. Wageni wakiuliza ni nini, huwa nawaambia ni mume wangu mdogo.

Kila Jumamosi walikuwa wanacheza. Mmoja anakaa barazani, mwingine stoo, kila mmoja na kengele yake, na katikati kuna waya na treni ambayo haipo. Wa barazani akitaka kuipeleka, anagonga mara moja: upo? Wa stoo anarudisha mara moja: nipo. Hapo ndipo wa barazani anagonga mara tatu, kuomba njia. Wa stoo akikubali, anazirudisha zile tatu kama zilivyokuja. Akikataa, ananyamaza. Na kama ile moja ya kwanza haikujibiwa, basi hugongi kitu kingine, unasubiri, kisha unagonga moja tena. Kwa Masta hilo halikuwa na mzaha. Siku moja Kinyozi aliipeleka treni bila kusubiri jibu, Masta akamnunia mpaka chai ikapoa. Alisema ndani mna abiria. Nilicheka siku ile nikakaa chini.

Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, sauti ikaondoka, macho yakabaki yakitazama dari au mlango, usijue kama yanaona. Daktari alisema hawezi kujua ni kiasi gani kilichobaki ndani, tusubiri. Nikasubiri. Nilimlisha, nikamgeuza, nikamfulia, na katikati ya hayo nikashona sare za shule kwenye cherehani yangu sebuleni, kwa sababu wazazi wa watoto hawasubiri. Watu wanasema nina moyo. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa nimekufa ganzi kuanzia utosini, nikila bila kuonja, nikiitika bila kusikia.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa anakuja kesho yake na gari kumchukua baba yake akae naye mjini kwake, safari ya siku nzima. Ameandaa chumba, amepata na mama wa kumsaidia. Mipango yote tuliipanga kwenye simu, mimi nimekaa pale pale kitandani kwa Masta, nikikunja nguo juu ya miguu yake. Sababu kubwa ya binti ilikuwa bafu. Lilikuwa na kizingiti na sakafu ya kuteleza, na mara mbili tulikaribia kuanguka pamoja. Basi hawa watatu wakala njama: bafu likitengenezwa, sakafu ikasawazishwa, vyuma vya kushikia vikawekwa ukutani, binti atakosa la kusema na Masta atabaki.

"Shemeji, akifika kesho, ataona bafu la hoteli," Bomba aliniambia, mabega yake yakiwa yameziba mlango.

"Haya," nikasema.

"Haya tu?"

"Unataka nipige vigelegele, shemeji?"

Alinitazama akarudi kazini. Wao walimpenda Masta na walitaka abaki. Mimi nilikuwa nimeshakubali aende, na begi lake lilikuwa wazi kitandani, nusu limejaa.

Ilipofika zamu ya kubadilisha bomba la maji, ilibidi koki kubwa ifungwe, na koki kubwa ipo nje getini. Mtu mwingine yeyote angemtuma mwenzake, angepiga kelele, "Funga!" na mambo yakaisha. Na sauti ile ya Bomba! Lakini hao si watu wengine. Kinyozi alitumwa akae getini, na wakakubaliana kugonga bomba kwa spana kama wanavyogonga kengele zao. Moja, upo. Moja, nipo. Tatu, funga. Tatu zikirudi, imefungwa, kata. Mwalimu alilieleza jambo hilo kirefu, kama vile Kinyozi alizaliwa jana.

Mimi nilikuwa chumbani na Masta, nakunja fulana zake. Lile bomba la maji linapita ukutani pale kitandani, limegusana na chuma cha kitanda. Nikasikia spana ikigonga mara moja. Kimya. Kisha mkono wa kushoto wa Masta ukanyanyuka kidogo, na pete yake ikagonga chuma cha kitanda mara moja.

Niliona. Sikushtuka. Mkono ule ulikuwa na tabia hiyo tangu atoke hospitali, unagonga mara moja kisha unatulia. Muuguzi alisema ni misuli inarukaruka. Kila ulipogonga nilikuwa nakwenda namwuliza, "Maji? Unasikia baridi? Nikugeuze?" naye anafumba macho, nami narudi kwenye cherehani. Siku nyingine ilipita nzima hivyo.

Spana ikagonga mara tatu. Pete ikagonga mara tatu, taratibu, kila moja na nafasi yake. Nikaendelea kukunja fulana mpaka nikafika kwenye mikono, ndipo nikasikia bafuni kitu kama mlipuko.

Maji yalitoka kwenye lile bomba yakampiga Bomba kifuani, yakapiga dari, yakamfuata Mwalimu mlangoni na kumvua miwani. Bomba alikuwa anaziba kwa kiganja huku akitaja ukoo mzima wa Kinyozi. Saruji mbichi iliyokuwa imesawazishwa asubuhi ikaanza kusafiri kuelekea sebuleni, kwenye sare zangu. Nilikwenda nikazipandisha juu ya meza. Hata hilo nililifanya bila haraka.

Kinyozi alikuja mbio kutoka nje baada ya kufunga koki, mkononi ana kipande cha muwa.

"Nani kakwambia ukate?" akauliza.

"Wewe!" Bomba akanguruma, maji yakimchuruzika kidevuni. "Nimegonga moja, umerudisha moja. Nimegonga tatu, umerudisha tatu!"

"Mimi? Mimi nilikuwa kwa jirani!"

"Kwa jirani unafanya nini na nimekuweka getini?"

"Nanunua muwa! Sikugonga kitu, naapa. Hata spana nimeiacha hapa ndani, si ile pale?"

Kweli, spana yake ilikuwa juu ya ndoo. Bomba aliitazama, akamtazama Kinyozi, hasira ikamwishia njiani. Mwalimu alikuwa anapapasa sakafuni kutafuta miwani. "Haiwezekani," alisema. "Nami nimesikia. Tatu zimerudi, safi kabisa."

"Ni huyu," nikasema.

Nilikuwa nimesimama mlango wa chumbani. Sikunyoosha hata kidole. Wote watatu waligeuka, wakanipita, wakaingia na matope yao hadi kitandani, wakasimama kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Masta alikuwa anatazama mlango, na sasa nilijua anatazama.

Mwalimu alichukua spana, akagonga chuma cha kitanda mara moja. Pete ikarudisha mara moja. Kinyozi akaangusha muwa, akajishika kichwa akaanza kulia kwa sauti, bila aibu yoyote. Bomba alikuwa anacheka na kumpiga Masta begani, pole pole. "Umenimwagia maji, mzee! Umenimwagia maji!" Mwalimu hakucheka wala hakulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaniambia, "Shemeji, alikuwa anagonga mara moja? Siku zote hizi?"

"Mara moja, kisha basi."

"Na hakuna aliyemrudishia."

"Nilikuwa namjibu," nikasema. "Namwuliza anataka nini."

"Kwa mdomo."

"Ee, kwa mdomo. Mimi ni mke wake, si stesheni."

Lakini nilikuwa nimeshaelewa. Alikuwa anauliza kama nipo. Na kwa kuwa hakurudishiwa, hakuendelea, maana hivyo ndivyo alivyo, kichwa kigumu kama reli zake. Alisubiri, akagonga tena, akasubiri. Nilipaswa kuanguka pale chini. Nilisikia kitu kidogo tu, mbali, kama mlango unaofungwa kwa jirani.

"Muulize kuhusu kesho," Bomba alisema. "Shemeji, muulize sasa hivi!"

Nikawaambia wasogee. Nilichukua mkasi wangu, nikakaa pale alipokaa Mwalimu. Miaka yote hiyo sikuwahi kugusa kengele zao, ila mtu hawezi kuishi na kitu kila Jumamosi akose kukijua. Niligonga mara moja kwa mpini wa mkasi. Akarudisha.

"Binti yako anakuja kesho kukuchukua," nikasema. "Unataka kwenda kukaa kwake? Ukikubali, rudisha."

Nikagonga tatu. Mkono wake ulilala pale pale juu ya shuka. Tulisubiri. Kinyozi aliacha kulia. Bafuni maji yalikuwa yanadondoka kutoka darini.

Mwalimu alinong'ona kwamba kunyamaza ni kukataa, huo ndio utaratibu. Lakini kunyamaza kunaweza kuwa kuchoka, au kusinzia, au kutokuelewa, na nitasema kweli, moyo wangu uliruka. Nilitumaini hakuelewa. Kama hakuelewa, hakuna aliyekataa, na gari litakuja, na nyumba itanyamaza, na mimi nitalala. Ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimekubali tu aende. Nilikuwa nalitamani gari lile kama mgonjwa anavyotamani maji.

Nikagonga moja. Akarudisha.

"Au unataka kubaki hapa, na mimi?"

Nikagonga tatu, haraka na vibaya, nikitaka anyamaze tena. Alizirudisha zote, moja, nyingine, nyingine, na macho yake yalikuwa kwenye uso wangu.

Sina haja ya kueleza kelele zilizofuata. Bomba alimnyanyua Kinyozi juu kama gunia. Mwalimu alinishika mkono akaniambia, "Hongera, Shemeji," mara kadhaa, na miwani yake imevunjika kioo kimoja. Wakarudi bafuni wote watatu kuanza sakafu upya, na sasa waliimba. Nilimfunika Masta shuka mpaka kifuani. Kisha nilichukua simu nikaenda nayo uani, nikampigia binti.

"Baba yako amekataa," nikasema.

"Amekataa nini, Mama?"

"Kuja. Anataka kubaki."

"Mama, baba anaweza kukataa?"

Nikamweleza yote, la bomba, la pete, la tatu. Alipiga ukelele, akamwita mumewe, akalia, akacheka, akarudi akaniuliza tena nimweleze. Nikamweleza tena. Nilikuwa nimeshikilia simu mbali kidogo na sikio, natazama tone la maji likining'inia kwenye kamba ya nguo. Alikuwa na furaha na nilimwonea wivu.

Kisha akatulia. "Na wewe, Mama? Wewe ulikuwa unataka nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Si daktari, si hao watatu, wala mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilifungua mdomo kusema "haya", maana ndilo neno nililokuwa nalo, na badala yake yakanitoka machozi, mengi.

"Nilitaka umchukue," nikasema. "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka mpaka hata kuchoka sikusikii tena."

Nikasikia anamwomba mumewe atoke kidogo.

"Kile chumba ulichomwandalia," nikasema, "kitanda umeshatandika?"

"Nimetandika."

"Basi njooni na gari vilevile. Wewe utabaki hapa na baba yako. Mimi ndiye nitakayekwenda kulala huko."

"Mpaka lini, Mama?"

"Sijui."

"Na baba je? Utamwambia nini?"

"Hivi hivi ninavyokwambia wewe," nikasema, nikajipangusa uso kwa upindo wa gauni. "Anasikia kila kitu."