Mto Alioubuni Prisca

Mjukuu wangu Prisca huongoza mchezo wa kusimulia. Yeye hupanga kisa, wenzake hujifanya watu wa ndani yake, na dadu lenye pande nyingi huamua nani anapona. Mwaka jana walikuwa wakiruka na vyombo vya angani. Jumamosi hii alikihamishia kisa hapa mlimani Meru, kwenye kahawa na migomba, akaniomba niwe mwanamke mwenye shamba, mama Tabitha.

Tulicheza vizuri mpaka Prisca alipobadilisha sauti, akawa mume wa yule mwanamke.

"Mvua haijawahi kumla mtu, mama Tabitha. Navuka."

Marehemu mume wangu Frederick, babu yake Prisca, aliniaga hivyohivyo asubuhi ile mto ulipomchukua.

Prisca aliniona uso, akaziba mdomo. "Bibi, nisamehe! Kwenye kisa cha zamani lilikuwa pengo kati ya nyota. Nilipoligeuza mto, babu hakunijia akilini kabisa."

"Rusha tu, Bibi," alisema rafiki yake Nasri, ambaye hakujua kitu. "Ukipata kumi kwenda juu, mzee anavuka."

Nililifumbata lile dadu. "Sirushi. Kumwita kunaruhusiwa?"

"Kunaruhusiwa," Prisca alinong'ona.

Nikapaza sauti hadi jirani akachungulia uani. "Frederick! Rudi, mto umejaa! Chai iko mezani!"

Kisha Prisca, machozi yakimtoka, akajibu kwa sauti ileile, "Haya, nimerudi. Sukari umeweka?"

Nikamwambia nimeweka.